Faili la Zamani, Kazi ya Sasa

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa chama, maofisa utumishi mliokubali kukaa ukumbi mmoja na wanachama wetu, kaka zangu na dada zangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, wakishahakikisha mlango umefungwa. Nilifukuzwa kazi huko nyuma, sasa nina kazi nyingine. Je, ile ya zamani inaweza kunifuata mpaka huku? Jibu nalitoa mapema ili anayetaka kusinzia asinzie kwa amani. Ndiyo, inaweza. Ila mara nyingi haimfuati mtu kwa njia ile anayoiogopa. Katika mashauri niliyoyashughulikia, kwanza nikiwa upande wa mwajiri na baadaye upande wa mfanyakazi, ni wachache walioipoteza kazi mpya kwa sababu tu walifukuzwa ya kwanza. Wengi waliipoteza kwa yale waliyoyaandika au kuyasema kuhusu kufukuzwa huko. Muda wangu mwingi leo nitautumia hapo.

Kabla sijafika huko, tusiwachanganye watu. Kuna aliyepunguzwa kwa sababu kampuni imeyumba. Kuna ambaye hakuvuka kipindi cha majaribio. Kuna aliyeshindwa kufikia malengo, kuna aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, na kuna yule aliyeitwa pembeni akaambiwa andika barua ya kujiuzulu kabla hatujakufukuza. Mtaani wote hao tunasema wamefukuzwa, na soko la ajira haliwaangalii kwa jicho moja. Mwaka 1991 wachumi wawili wa Marekani, Robert Gibbons na Lawrence Katz, walichapisha utafiti uliowalinganisha watu waliopoteza kazi kwa sababu kiwanda au ofisi nzima imefungwa, na watu walioachishwa kwa kuchaguliwa huku wenzao wakibaki. Hawa wa pili, hasa wa kazi za ofisini, walipopata kazi nyingine mishahara yao ilikuwa imeporomoka zaidi. Mwajiri mpya hujiuliza: bosi wake aliyekuwa anamjua vizuri, kwa nini alimwacha yeye akabaki na wale? Hapo hakuna barua mbaya iliyoandikwa wala simu iliyopigwa. Kule kuchaguliwa peke yake kumeshatosha kumpa mtu wasiwasi.

Kwa hiyo aliyeondoka pamoja na idara nzima aseme kwamba ilikuwa idara nzima. Ni sentensi moja tu, na ajabu ni jinsi watu wanavyoisahau kwenye usaili.

Sasa twende kwenye fomu. Mnaifahamu. Baada ya sehemu ya elimu kuna jedwali la kazi ulizowahi kufanya: mwajiri, cheo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, na kule pembeni kabisa safu nyembamba ambayo hata kalamu haienei: sababu ya kuacha. Fomu nyingine hazizunguki: "Je, umewahi kuachishwa au kufukuzwa kazi? Ndiyo / Hapana. Kama ndiyo, eleza." Nafasi ya kueleza ni mistari miwili. Halafu ukurasa wa mwisho, juu ya mahali pa sahihi, kwa herufi ndogo: "Nathibitisha kwamba maelezo yote niliyotoa ni ya kweli. Ninaelewa kwamba ikibainika vinginevyo, ajira yangu inaweza kusitishwa wakati wowote." Watu husaini hayo wakiwa wamesimama kaunta, na kalamu yenyewe wameazima.

Niwape mfano wa mtunza stoo mmoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Alifukuzwa baada ya hesabu ya mzigo kutolingana na vitabu. Hakuiba, na hata kikao cha nidhamu hakikusema ameiba. Kilisema amezembea, kwamba alikuwa anapokea mzigo na kuutia sahihi bila kuuhesabu. Alipopata kazi nyingine, kwenye ile safu nyembamba akaandika: "Mkataba uliisha." Akafanya kazi, na akaifanya vizuri. Miaka ikapita. Siku moja akapendekezwa kuwa msimamizi wa maghala yote, na kwa kuwa ni cheo cha dhamana, kampuni ikataka kuhakiki nyaraka zake upya. Ikaandikia mwajiri wa zamani. Jibu lilikuja mstari mmoja: aliachishwa kwa uzembe.

Akapewa barua ya kujieleza, kisha akaitwa kikaoni. Nilikuwepo. Hakuna aliyemuuliza juu ya ule mzigo uliopotea. Mwenyekiti wa kikao alisukuma karatasi mbili mezani, fomu na barua, akauliza, "Sahihi hii ni yako?" Akajibu ni yangu. "Mkataba wako kule ulikuwa wa muda maalumu?" Akasema hapana. Kikao kikawa kimeisha, yaliyofuata yalikuwa taratibu tu. Meneja wake aliniambia baadaye, na nilimwamini, kwamba wangeujua ukweli siku ya kwanza wangemwajiri vilevile, pengine kwa kipindi cha majaribio kirefu kidogo.

Maofisa utumishi waliopo hapa wanajua kwa nini shauri kama lile huisha upesi. Kumthibitisha mtu kuwa mzembe ni kazi. Kunahitaji mashahidi, barua za onyo, kumbukumbu za vikao, na muda wa kumpa nafasi ajirekebishe. Kumthibitisha kuwa amedanganya kunahitaji karatasi mbili. Na bosi anayekutafutia sababu kwa jambo jingine kabisa, labda umeanza kuuliza maswali kuhusu malipo ya saa za ziada, mahali pa kwanza atakapokwenda kuchungulia ni kwenye faili lako.

Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ambayo kila mfanyakazi mwenye madai afaa kuifahamu. Mwanamke mmoja alifungua shauri akidai ameachishwa kwa sababu ya umri wake. Shauri likiwa linaendelea, mwajiri akagundua kwamba kabla ya kuondoka alikuwa ametoa nakala za nyaraka za siri za kampuni, akasema: hata hivyo ningemfukuza kwa hili. Mahakama ikakataa kosa la mwajiri lifutwe na kosa lililogunduliwa baadaye. Lakini ikasema kwamba kwa kawaida mtu wa namna hiyo hatarudishwa kazini, na malipo ya mshahara alioukosa yatahesabiwa mpaka ile tarehe mwajiri alipogundua. Kanuni hiyohiyo mawakili wa waajiri wamekuwa wakiitumia kwenye wasifu uliopikwa. Unaweza kuwa umeonewa kabisa, haki iko upande wako, na bado uongo wa miaka iliyopita ukakata fidia yako nusu ya njia.

Najua mnachotaka kuniuliza. Kwani nalazimika kujitangaza? Hapana. Katika mifumo mingi ya sheria mwombaji kazi halazimiki kuingia kwenye usaili na kutanguliza habari zake mbaya kabla hajaulizwa. Anachotakiwa ni kutodanganya akiulizwa. Wasifu wako ni wako, unachagua nini cha kuweka mbele, na kazi ya miezi michache uliyoifanya zamani unaweza kuiacha nje. Fomu inayosema "orodhesha waajiri wako wote wa miaka 10 iliyopita" haikuachii uchaguzi huo. Ukimruka mmoja pale, umejibu uongo ingawa hujaandika neno lolote la uongo. Hilo ndilo eneo ambalo watu wenye nia njema huteleza: wanachukua wasifu waliokwisha kuupamba na kuunakili kwenye fomu kama ulivyo.

Halafu kuna suala la nani atasema. Watu wengi wanaamini kwamba kufukuzwa kwao kumeandikwa mahali fulani kwenye daftari kubwa ambalo waajiri wote wanalisoma. Kwa kazi nyingi daftari hilo halipo. Kilichopo ni hati ya utumishi, barua za wadhamini, na simu.

Hati ya utumishi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba namba 158 wa mwaka 1982 kuhusu kusitisha ajira, lilipitisha pamoja nao Pendekezo namba 166. Pendekezo hilo linasema mfanyakazi aliyeachishwa akiomba hati apewe, na hati hiyo itaje tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na aina ya kazi aliyofanya, basi. Tathmini ya tabia au utendaji wake itaandikwa endapo mwenyewe ameiomba. Sheria za nchi nyingi zinakwenda karibu na hapo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri atoe hati ya utumishi, lakini haimlazimishi kutoa barua ya kumsifia mtu tabia au utendaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 nayo inataka hati hiyo itolewe ajira inapokoma. Mkiwa na hati mkononi isomeni palepale ofisini kabla hamjaondoka. Nimeona hati yenye maneno "amefukuzwa kwa wizi" imewekwa kwenye bahasha na mwenye nayo akaizungusha kwenye ofisi chungu nzima bila kuifungua.

Ujerumani wamekwenda mbali zaidi, na yaliyowakuta ni somo. Sheria yao inampa mfanyakazi haki ya cheti cha maandishi, na inakataza maneno yenye maana iliyofichwa. Mahakama za kazi nazo zimesisitiza kwamba cheti kiwe cha kumtakia mtu mema. Matokeo yake waajiri wakajenga ngazi ya sifa. Aliyefanya kazi "wakati wote kwa kuturidhisha kikamilifu kabisa" ndiye bora. Ukiondoa "wakati wote" ameshuka. Na aliyeandikwa kwamba "alijitahidi" huyo ameanguka mtihani. Kila afisa ajira anaijua ngazi hiyo. Mimi husema ukimkataza mwajiri kusema baya, atalisema kwa namna ya kusifu.

Hatari kubwa zaidi ni simu, kwa sababu haiachi karatasi. Mwajiri mpya anapiga, anauliza tarehe, anauliza cheo, halafu anauliza lile swali moja: "Ungepata nafasi, ungemwajiri tena?" Upande wa pili kunakuwa na ukimya kidogo, kisha, "Aa, sera yetu haituruhusu kujibu hilo." Anayepiga ameshaelewa. Huenda kweli sera hairuhusu, makampuni mengi makubwa hutoa tarehe na cheo peke yake kwa kuogopa kushtakiwa, lakini masikio yake yamesikia alichotaka kusikia.

Kuogopa kushtakiwa kuna msingi. Mwaka 1994 Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo enzi hizo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, liliamua shauri la bwana mmoja wa biashara ya bima. Mwajiri wake wa zamani alikuwa ameandika barua iliyomweleza kuwa mtu asiye na uadilifu, na milango ya makampuni mengine ikafungwa. Malodi wakasema mwajiri anayetoa maelezo juu ya mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuwa mwangalifu; akizembea akaandika yasiyo sahihi na mtu akaumia, anaweza kulipa. Baadaye zikaja sheria za kulinda taarifa binafsi: Umoja wa Ulaya ulianza kuitumia yake mwaka 2018, Kenya ikatunga yake 2019, Tanzania 2022. Kwa jumla zinampa mtu haki ya kuuliza taarifa gani zake zinahifadhiwa, na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Haki hiyo ina mipaka. Uingereza, kwa mfano, imeziweka nje barua za siri za wadhamini. Hata hivyo kuandika kuomba nakala ya faili lako kwa mwajiri wa zamani hakukugharimu kitu, na ni afadhali ulijue faili lako kabla bosi wako wa sasa hajalijua.

Nimesema kwa kazi nyingi daftari kubwa halipo. Zipo kazi ambazo lipo, na wenzetu wa fedha wanalijua. Kule Marekani dalali wa hisa akiondoka kwenye kampuni, kampuni ina siku 30 kukijulisha chombo kinachosimamia madalali hao, FINRA, kwa fomu maalumu iitwayo U5 inayotaja na sababu ya kuondoka. Makampuni ya fedha ya Uingereza, tangu mwaka 2017, yanatakiwa kupeana taarifa za miaka 6 iliyopita juu ya watu wa nafasi nyeti, na kwa makosa mazito hata miaka hiyo 6 si kikomo. Waganga, wauguzi, walimu, mawakili, na wanaofanya kazi na watoto wana mabaraza yao na orodha zao. Kwa hawa ushauri wangu ni mfupi: chukulia kwamba mwajiri mpya atajua, na upange maneno yako ukijua hivyo.

Tuseme sasa umeshaajiriwa, hukudanganya popote, na mwajiri anajua. Anaweza kukutolea habari hiyo baadaye? Hapa nina maneno machache ya kuwatuliza. Onyo la mwajiri wa zamani liliishia kwake. Bosi wako wa sasa hawezi kusema hili ni kosa lako la tatu huku mawili ulimfanyia mtu mwingine. Akitaka kukuachisha kwa mwenendo au utendaji, atahitaji mambo yaliyotokea kwake, na Kifungu cha 7 cha ule Mkataba wa 1982 kinataka upewe nafasi ya kujitetea kwanza. Pendekezo la 166 linaongeza kwamba mwajiri aliyejua kosa akakaa nalo bila kuchukua hatua kwa muda wa kutosha, ahesabiwe ameiacha haki yake ya kumfukuza mtu kwa kosa hilo. Waliosoma fomu yako, wakaona "Ndiyo", wakakuajiri, watapata shida kueleza mbele ya msuluhishi kwa nini "Ndiyo" hiyohiyo imekuwa tatizo baada ya miaka miwili. Mkataba wenyewe haujaridhiwa na nchi nyingi, ila misingi yake utaikuta kwenye sheria za kazi za nchi nyingi zaidi ya zilizouridhia. Tena weka nakala ya fomu uliyojaza. Piga picha kabla hujaikabidhi.

Anayerudi kwa mwajiri yuleyule, au kampuni dada, asitegemee haya. Faili lake halikutoka jengoni.

Nije kwenye jambo ambalo halimo kwenye sheria yoyote, na kwa maoni yangu linaharibu kazi za watu wengi kuliko simu na barua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyefukuzwa anaingia kazi mpya akiwa ameshtuka. Anakuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Haombi likizo. Haulizi asipoelewa, maana kuuliza kunaweza kuonekana ni kutojua. Kila barua pepe anamwekea nakala meneja, na meneja wa meneja. Bosi akisema "pitia ofisini kwangu kesho asubuhi," usiku huo halali, kumbe bosi alitaka kumwonyesha printa mpya. Akikosea kidogo, anaficha. Na hapo ndipo penye msiba, kwa kuwa kosa dogo lililofichwa wiki tatu si dogo tena, na anayefukuzwa mara ya pili kwa kuficha hubaki akiamini kwamba ni nuksi ya ile kazi ya kwanza.

Woga huo una bei ya fedha pia. Mtu anakubali mshahara wowote kwa sababu anahisi hana haki ya kujadili. Utafiti wa Jacobson, LaLonde na Sullivan uliochapishwa mwaka 1993 uliwafuatilia wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania waliokuwa wamekaa kazini muda mrefu kisha wakaachishwa makampuni yalipoyumba. Hata miaka kadhaa baadaye kipato chao kwa mwaka kilikuwa chini kwa karibu asilimia 25 kuliko ambavyo kingekuwa. Na hao hawakuwa na doa lolote la nidhamu. Sababu zake ni nyingi, ujuzi uliokuwa na thamani kule hauna thamani huku, ngazi za mshahara unaanza chini. Lakini nimekaa na watu wakati wa kupokea barua ya ajira, na najua kwamba baadhi ya fungu hilo huachwa mezani na mwenyewe. Anaulizwa, "Unatarajia kiasi gani?" anajibu, "Chochote mtakachoona kinafaa."

Msinisimulie habari za Steve Jobs. Ndiyo, aliondolewa kwenye madaraka ya Apple mwaka 1985, akarudi 1997, na kila semina ya motisha inaanza na hapo. Aliondoka akiwa tajiri na jina lake likijulikana dunia nzima. Mtunza stoo wetu aliondoka na barua.

Kwa waajiri na maofisa utumishi mliomo humu, nina neno. Lile swali la "umewahi kufukuzwa" lisilo na ukomo wa miaka wala aina ya kosa linawafundisha watu uongo. Kijana aliyefukuzwa kwa kuchelewa akiwa na miaka 20 anaulizwa swali lilelile akiwa na miaka 45, na mistari miwili ya kujieleza. Anajua fomu yenye "Ndiyo" itawekwa pembeni kabla ya saa sita mchana. Kisha tunamshangaa. Ulizeni mnachohitaji kujua: makosa ya fedha kwa anayekuja kushika fedha, makosa ya usalama kwa anayekuja kuendesha mitambo, kwa muda wenye maana.

Tena kumbukeni kwamba si kila aliyefukuzwa alikosa. Kifungu cha 5 cha Mkataba wa 1982 kinaorodhesha sababu zisizokubalika: kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kumshtaki mwajiri aliyevunja sheria, rangi, jinsia, ujauzito, majukumu ya familia, dini, maoni ya kisiasa, kutokuwepo kazini kwa likizo ya uzazi. Ziliorodheshwa kwa kuwa ndizo sababu ambazo watu walikuwa wakifukuziwa, na wanafukuziwa mpaka leo. Anayekataa maombi ya kila mwenye "Ndiyo" anamkataa mwizi, na pamoja naye anamkataa dada aliyefukuzwa kwa kubeba mimba. Mbaya zaidi ni meneja anayeajiri akijua, halafu anamwambia kila mtu ofisini. Kama umeamua kumwajiri, habari hiyo ibaki kwenye faili. Ikifika kwenye meza ya chai, umeshamharibia kazi kabla hajaianza.

Sasa, aseme vipi anayeulizwa? Wengi huharibu kwa kusema sana. Swali ni moja, jibu linakuwa hadithi ya bosi mbaya, wenzake wenye wivu, kikao kisicho cha haki, na msaili anabaki anatazama saa. Hata kama yote ni kweli. Yule mtunza stoo angeweza kusema hivi: "Niliachishwa. Nilikuwa napokea mzigo nikiamini hati ya dereva bila kuhesabu, na vitu vikapungua. Tangu hapo sipokei mzigo bila hesabu yangu mwenyewe, na mnaweza kumuuliza niliyefanya naye kazi ya muda baada ya pale." Kisha anyamaze. Akiulizwa zaidi, ajibu kilichoulizwa. Aliyefukuzwa kwa uonevu na akashinda shauri aseme ameshinda, ataje na mwaka. Kama shauri bado lipo, aseme lipo, asilisimulie.

Kwenye fomu, mistari miwili ikiwa haitoshi, andika "nitaeleza kwenye usaili". Si uongo, na inakubalika sehemu nyingi. Na anayeondoka kazini kwa mapatano, kabla hajasaini apatane pia kuhusu maneno: hati itasema nini, na akipigiwa simu ofisa utumishi atajibu nini. Watu hubishania mshahara wa notisi na kiinua mgongo mpaka usiku, wakasahau kuomba mstari mmoja wa barua ambao watauhitaji kwa miaka mingi kuliko hizo fedha.

Mwenyekiti ameniletea karatasi yenye swali, haina jina, na ninadhani kuna zaidi ya mmoja humu ambaye lingekuwa lake. Linasema: "Mimi nilishaandika Hapana. Nina miaka kazini. Nifanye nini?"

Kwanza, usiende ofisini kwa bosi Jumatatu asubuhi kwa sababu ya maneno yangu. Tafuta nakala ya fomu, usome uliulizwa nini hasa. Nimeona watu waliokosa usingizi kwa miaka, na fomu ilikuwa imeuliza kama wamewahi kufukuzwa kwa kosa la jinai, nao walifukuzwa kwa utoro. Pili, kama uliacha kwa kuandika barua ya kujiuzulu, hata kwa kulazimishwa, jibu lako linaweza kuwa na utetezi. Hilo mwoneshe ofisa wa chama au wakili, si rafiki wa ofisini. Tatu, usiurudie. Uongo wa zamani uliokaa kimya ni jambo moja, na uongo huohuo ukiandikwa upya kwenye fomu ya kupandishwa cheo ni kosa jipya lenye tarehe mpya. Kama cheo hicho kinahitaji uhakiki, una njia mbili: usikiombe, au utangulie kusema kabla ya uhakiki, kwa maandishi, ukiwa umeshapata ushauri. Anayesema mwenyewe mara nyingi hupata onyo. Anayekamatwa hupata barua ya kuachishwa. Sikuahidi, maana wapo waliosema wenyewe na bado wakatolewa.

Na kama kazi yako ni ya leseni, fedha, tiba au watoto, usisubiri cheo. Wiki hii mwone mwanasheria wa chama. Ofisi yake iko wazi, na mazungumzo yenu ni ya siri.

Karatasi nyingine imekuja, inasema muda umekwisha. Maswali mengine nitayapokea hapo nje. Ahsanteni.